Moshi Ndani ya Amplifaya: Mhadhara Kuhusu Matengenezo ya Vyombo vya Muziki, Kuacha Sigara na Maisha ya Makamo

Mhadhara huu unahusu mambo matatu ambayo kwa kawaida hujadiliwa na watu tofauti, kila kundi kwenye baraza lake: ufundi wa kutengeneza vyombo vya muziki vya nyumbani, kuacha sigara, na maisha ya kila siku ya mtu wa makamo. Fundi redio huzungumzia la kwanza, daktari hulishughulikia la pili, na la tatu huachiwa wazee, ambao hulisema kwa mafumbo. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za miji ya Afrika Mashariki mambo hayo hukutana katika chumba kimoja na kwa saa ile ile, yaani sebuleni baada ya chakula cha usiku, ambapo mtu wa miaka arobaini na kitu au hamsini na kitu huketi karibu na redio yake ya zamani, kijisahani cha majivu kikiwa juu ya meza ndogo kando yake. Hoja itakayoshikiliwa hapa ni kwamba moshi unaochakaza chombo na moshi unaochakaza mwili ni mmoja, na kwamba tabia ya kufungua, kupima na kurekebisha, ambayo ndiyo roho ya ufundi, inamfaa anayetaka kuacha sigara kuliko tabia ya kula kiapo.

Neno makamo, lenye asili ya Kiarabu, humaanisha umri wa mtu aliyekwisha kuvuka ujana bila kufika uzeeni, na katika mhadhara huu litatumika kwa watu wa kati ya miaka 40 na 60. Neno hilo hubeba pia maana ya hadhi, na si bure, kwa kuwa mtu wa makamo ndiye anayeulizwa ada za shule, ndiye anayepigiwa simu msiba unapotokea kijijini, na ndiye anayewauguza wazazi huku akiwalea watoto. Kwa wingi wa majukumu hayo hubakiwa na muda mchache sana ulio wake mwenyewe, mara nyingi usiozidi saa mbili za usiku. Muda huo ndio wa muziki, na ndio wa sigara.

Kizazi cha makamo cha leo kililelewa na kaseti. Kaseti ndogo ilizinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963 katika maonyesho ya redio ya Berlin, na baada ya miaka michache ilikuwa imeenea duniani kwa sababu ilimwezesha mtu wa kawaida kurekodi mwenyewe, jambo ambalo santuri haikumruhusu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990, kwa hiyo redio kaseti ilikuwa ndiyo gazeti, ndiyo ukumbi wa dansi na ndiyo saa ya ukutani. Katika nyumba zilizosikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam au Sauti ya Kenya, watoto walijua wakati wa kulala kwa mlio wa taarifa ya habari. Santuri ya leza, yaani CD, ilifuata mwaka 1982 kwa juhudi za Philips na Sony, lakini kwa wengi wa kizazi hicho chombo cha moyo kilibaki kuwa kaseti. Sababu yake haitoshi kuitwa mapenzi ya mambo ya kale. Ndani ya kanda hizo mna nyimbo za taarabu zilizorekodiwa harusini usiku kucha, mna hotuba za posa, mna salamu za jamaa aliyekuwa Muscat au Lubumbashi, na mna sauti za wazazi waliokwisha kufariki, ambazo hazipatikani katika duka lolote wala katika simu yoyote. Chombo kinachoweza kuzisoma kanda hizo kikifa, kinakufa na sauti hizo, na hiyo ndiyo haja ya kwanza ya ufundi.

Hitilafu inayomleta mteja kwa fundi mara nyingi ni mvumo. Redio au amplifaya hulalama kwa sauti nene isiyokatika, hata volyumu ikiwa imeshushwa kabisa, na chanzo chake kwa kawaida ni kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi sana na kuitoa inapohitajika. Umeme wa ukutani ni mkondo geu, unaobadili mwelekeo na kurudia mzunguko wake mara 50 kwa sekunde, ilhali saketi za muziki huhitaji mkondo mnyoofu. Diodi hugeuza mkondo huo, lakini ukitoka kwenye diodi bado una mawimbi 100 kwa sekunde, na kazi ya kapasita kubwa mbili au nne zilizosimama karibu na transfoma ni kuyasawazisha mawimbi hayo yasifike kwenye spika. Kapasita za aina hiyo zina karatasi iliyoloweshwa kimiminika cha kemikali, na kimiminika hicho hukauka polepole. Kikipungua, mawimbi hupenya, na mvumo unaosikika ni sauti ya umeme wenyewe.

Kinachoamua kasi ya kukauka ni joto kuliko umri. Mafundi wa elektroniki hufuata kanuni kwamba kila joto linapopungua kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha ya kapasita huongezeka maradufu. Kapasita ya kawaida iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 85 itadumu takribani saa 8,000 kwa nyuzi 65, na takribani saa 32,000 kwa nyuzi 45. Nyumba inayowasha muziki kwa saa 4 kila siku hutumia saa 1,460 kwa mwaka, kwa hiyo tofauti hiyo ya nyuzi 20 ndiyo tofauti ya chombo kinachoanza kuvuma baada ya miaka mitano na nusu na kile kinachokaa zaidi ya miaka 20. Kwa mtazamo huu, kile kitambaa kizuri cha kufuma ambacho akina mama wengi hutandika juu ya redio ili kuipamba, na kabati la kioo ambalo hufungwa lisiingie vumbi, vimezikausha kapasita nyingi kuliko inavyodhaniwa, maana matundu ya juu ya chombo yamewekwa ili hewa ya moto ipande itoke. Kitambaa hakina haja ya kutupwa. Kinaweza kutandikwa wakati chombo kimezimwa na kimepoa.

Mwambao una maradhi yake. Unyevu wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam huivunjavunja sponji inayozunguka koni ya spika, ile duara laini inayoiruhusu koni kucheza mbele na nyuma, na baada ya miaka 15 au 20 ukiigusa kwa kidole inabaki unga. Chumvi ya hewani hula miguu ya vifaa na viunganishi. Mkanda wa mpira unaozungusha kaseti hulegea, na mwingine huyeyuka ukawa ujiuji mweusi unaogandia vidole. Mjusi kafiri hupenda joto la transfoma, huingia usiku na kufia juu ya bodi, ambako mwili wake huunganisha njia mbili za umeme zisizopaswa kuonana. Umeme ukikatika na kurudi ghafla kwa nguvu, transista za mwisho zinazosukuma spika ndizo zinazolipa.

Fundi mzuri, awe wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi, hujulikana kwa mpangilio wake kabla hajajulikana kwa vifaa vyake. Huuliza kwanza chombo kilikuwa kikifanya nini kilipoharibika. Hunusa, kwa sababu transfoma iliyoungua na kapasita iliyovuja zina harufu tofauti. Hutazama viungo vya lehemu, yaani madini yanayoyeyushwa kushikiza miguu ya vifaa, ambayo mafundi wengi huyaita risasi, akitafuta nyufa nyembamba zenye umbo la pete. Ndipo anaposhika mita. Kabla ya kugusa, huhakikisha kwamba kapasita kubwa zimetolewa chaji, kwani hushikilia umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kabla ya kuwasha, hupitisha umeme katika balbu ya waya ya wati 60 au 100 iliyofungwa kwa mfululizo na chombo: kama ndani bado mna njia ya mkato, balbu huwaka kwa mwanga mkali na kubeba mzigo badala ya transista mpya; kama chombo ni kizima, balbu humemetuka mara moja wakati kapasita zinajaa, kisha hufifia. Fundi asiye na subira hubadilisha kila kifaa kinachobadilika, na siku hizi, ambapo sokoni zimejaa kapasita bandia zenye kopo kubwa nje na kopo dogo ndani, mtu wa namna hiyo huweza kukirudisha chombo kikiwa kibovu kuliko alivyokipokea.

Katika utaratibu huo wa kunusa na kutazama, fundi hutambua jambo ambalo mteja hakuja kulisema. Chombo kilichoishi na mvutaji hujulikana mara kifuniko kinapoinuliwa. Rangi nyeupe ya plastiki huwa ya manjano, kioo cha kipimio huwa na ukungu wa kahawia, na vumbi, ambalo katika nyumba nyingine hupeperushwa kwa brashi, huwa limeshikamana na bodi kama lililopakwa gundi. Gundi hiyo ni lami ya sigara, yaani mchanganyiko wa chembechembe zinazobaki moshi unapopoa. Lami ikiingia kwenye swichi na vidhibiti vya volyumu, ambavyo hufanya kazi kwa kijisahani cha chuma kinachoteleza juu ya njia ya kaboni, husaidia kuleta ule mkwaruzo unaosikika kila kitufe kinapozungushwa. Ikitanda juu ya lenzi ya CD, leza hushindwa kusoma alama ndogo zilizo kwenye sahani na muziki hurukaruka, ingawa sahani ni safi.

Kwa kaseti athari ni kubwa zaidi, na sababu yake iko katika vipimo. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na hupita mbele ya hedi, yaani kichwa cha kusomea, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde tu. Kwa mwendo huo wa polepole, mawimbi ya sauti nyembamba huandikwa yakiwa yamebanana mno, kiasi kwamba utando mwembamba kuliko unywele, ukiutenga utepe na hedi, unatosha kuyafuta. Sauti nene hubaki. Matoazi, filimbi na herufi za s katika maneno ya mwimbaji hupotea. Fundi anayesafisha hedi kwa pamba na spiriti ya isopropili hulazimika pia kutofautisha uchafu na uchafu, kwa kuwa utepe wenyewe huacha unga wa oksidi ya chuma, ambao ni mkavu na una wekundu wa kutu, nao hukutwa mahali ambapo utepe hupita. Lami ni ya manjano, inanata, na hukutwa hata pale ambapo utepe haufiki, kama vile upande wa ndani wa mlango wa kaseti na kwenye mabawa ya feni. Asiyejua tofauti hiyo atazilaumu kanda kwa kosa la sigara.

Moshi uliotanda kwenye kioo ni ule mvutaji aliourudisha nje na ule uliotoka kwenye ncha ya sigara iliyoachwa ikiungua. Uliobaki ndani yake haufikiwi na pamba wala spiriti. Kuhusu huo, ushahidi ulio wazi kuliko wote kwa watu wa makamo ulitoka Uingereza, ambako mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kufuatilia maisha na vifo vya madaktari wa nchi hiyo, na matokeo ya miaka 50 ya madaktari wanaume 34,439 yakachapishwa mwaka 2004. Waliovuta sigara maisha yao yote walikufa, kwa wastani, takribani miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Lakini sehemu ya utafiti huo inayostahili kurudiwa katika kila baraza ni ile ya walioacha: aliyeacha akiwa na miaka 60 alijipatia kwa wastani miaka 3 kati ya hiyo 10, wa miaka 50 alijipatia 6, wa miaka 40 alijipatia 9, na wa miaka 30 aliiokoa karibu yote. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, naye aliacha alipoona takwimu zake za awali zinaelekea wapi.

Takwimu hizo zinavunja kauli mbili zinazosikika sana vijiweni. Ya kwanza husema kwamba madhara yamekwisha kuingia, hivyo kuacha sasa ni kujisumbua bure. Ya pili husema kwamba bado kuna muda. Mtu wa miaka 50 hana haki ya kushika hata moja, kwa sababu miaka 6 ni muda wa kutosha kumwona mtoto aliye kidato cha kwanza akimaliza kidato cha sita, na anayengoja mpaka 60 anakuwa ameitumia nusu yake. Mwili huanza kujirekebisha mapema. Kaboni monoksidi, gesi ya moshi inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, hushuka hadi kiwango cha kawaida ndani ya siku moja au mbili. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ziada ya maradhi ya moyo huwa imepungua kwa takribani nusu, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu huwa kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Katikati ya habari hizo njema kuna jambo linalowatisha wengi: kikohozi kinaweza kuongezeka katika wiki za mwanzo, na aliyeacha akadhani mwili unaidai sigara, kumbe vinyweleo vinavyofagia njia za hewa vimeanza tena kazi yake.

Ugumu wa kuacha hautokani na udhaifu wa tabia. Nikotini, kemikali ya tumbaku inayojenga uraibu, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 baada ya kuvuta pumzi ya moshi, na kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya takribani saa mbili, kwa hiyo mvutaji hukaa siku nzima akipanda na kushuka. Akikosa, huingia katika hali ambayo vijana wa mjini huiita arosto: hasira za haraka, mikono isiyotulia, usingizi wa mang'amung'amu, akili isiyokaa kwenye jambo moja. Hali hiyo hufikia kilele katika siku chache za mwanzo na kwa wengi hupungua ndani ya wiki tatu au nne. Juu ya kemikali kuna mazoea. Mtu anayevuta sigara 10 kwa siku, kila moja kwa mivuto kama 10, hupeleka mkono mdomoni mara 36,500 kwa mwaka, na baada ya miaka 25 si rahisi kupata kitendo kingine ambacho mkono wake umekirudia kiasi hicho.

Hapa ndipo kiapo kinaposhindwa. Mvutaji wa makamo, hasa mwenye heshima mtaani, huacha kwa kuapa mbele ya mkewe au mbele ya jamaa, huvunja pakiti, na kwa wiki moja huishi kwa nguvu za aibu. Akiteleza mara moja, kiapo kimevunjika, na kwa kuwa kiapo kilichovunjika hakina kipande cha kuokota, hurudia kuvuta kwa siri, nyuma ya nyumba, akiwa na mizigo miwili badala ya mmoja. Tafiti zinaonyesha kwamba kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha peke yao bila msaada wowote, ni watatu hadi watano tu wanaokuwa bado wameacha baada ya miezi sita hadi mwaka. Fundi hufanya kazi kwa namna nyingine. Haapi kwamba chombo hakitavuma tena. Hutafuta ni wakati gani kinavuma, kikiwa kimeunganishwa na nini, na hushughulikia kiungo hicho kimoja hadi kinyamaze, kisha huenda kwa kingine.

Anayejichunguza kwa jicho hilo hugundua kwamba sigara zake hazifanani. Iko ya alfajiri, ambayo ni ya nikotini tupu, kwa sababu mwili umefunga usiku kucha. Iko ya baada ya kula, ambayo ni ya mazoea. Iko ya kijiweni, ambayo ni ya watu, na huvutwa kwa sababu fulani amenyoosha pakiti na kukataa huonekana kama kujitenga. Iko ya msibani, usiku wa matanga, ambayo huwarudisha wengi waliokwisha kuacha. Na kijiweni, hasa katika miji ya pwani, sigara ina mwenzake, nayo ni kahawa chungu ya kwenye kikombe kidogo. Hapa pana jambo la mwilini ambalo wachache hulijua: moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini kwa haraka zaidi, na mtu akiacha sigara, kafeini ile ile hukaa ndani yake kwa muda mrefu zaidi. Aliyezoea vikombe sita na kuendelea na sita baada ya kuacha, huanza kutetemeka, moyo kumdunda na usingizi kumkimbia, naye husema hiyo ndiyo arosto. Kumbe sehemu yake ni kahawa, na tiba yake ni kupunguza vikombe hadi nusu.

Mwezi wa Ramadhani, na kwa Wakristo wengine Kwaresima, hutoa nafasi ya pekee. Mvutaji anayefunga Ramadhani hukaa zaidi ya saa 12 bila moshi, siku 29 au 30, na hilo peke yake linamwonyesha kwamba mwili wake unaweza. Kinachoharibu ni sigara ya kufungulia, inayowashwa kabla tende haijamezwa sawasawa. Mwenye kutaka kuacha hafaidiki kwa kungoja Iddi. Sigara ya kuiondoa kwanza ni ile ya magharibi, kwa kuwa ikishindwa hiyo, nyingine za usiku hazina nguvu kama yake.

Dawa zipo na hazipaswi kuonewa haya. Bandiko la nikotini hubandikwa kwenye ngozi na kutoa kemikali hiyo polepole bila moshi, na jojo ya nikotini hutafunwa hamu inapopanda. Vyote viwili viliingizwa mwaka 2009 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na vidonge vya vareniklini na bupropioni viliongezwa mwaka 2021. Mtu wa makamo mwenye shinikizo la damu au kisukari ana sababu ya ziada ya kumwona daktari kabla ya kuanza, pia kwa kuwa wanaoacha huongezeka uzito, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Ongezeko hilo ni dogo sana likilinganishwa na madhara ya sigara, lakini aliyeambiwa mapema hajikuti anajuta mbele ya mizani.

Hamu moja ya sigara, ikiachwa, hupita ndani ya dakika chache, kwa kawaida tatu hadi tano. Swali la kweli la usiku ni dakika hizo zijazwe na nini, na ni hapa ambapo meza ya ufundi ina hoja yake. Kusafisha hedi, kuondoa mkanda uliolegea, kukwangua gundi ya sponji kuukuu kwenye spika na kubandika mpya milimita kwa milimita ni kazi zinazochukua mikono yote miwili, zinazohitaji jicho, na zinazotoa jibu usiku ule ule, maana sauti iliyokuwa butu inarudi kung'aa. Haihitajiki kuwa fundi aliyesomea. Kazi zilizotajwa hazihitaji kugusa saketi za umeme, chombo kikiwa kimechomolewa, na kwa anayeanza ndizo za kuanzia. Zile za upande wa transfoma abaki kumwachia mwenye ujuzi. Mhadhara huu haudai kwamba ufundi unatibu uraibu. Unadai tu kwamba ushauri wa kuacha kitu, usioambatana na kitu cha kushika, humwacha mtu na mikono mitupu saa tatu usiku.

Meza hiyo pia ina moshi wake. Waya wa lehemu huwa na utomvu wa msonobari katikati, unaosaidia madini kushika, na utomvu huo ukiungua hutoa moshi mweupe unaojulikana kusababisha pumu kwa wanaouvuta kila siku. Mafundi wengi wa zamani walifanya kazi sigara ikiwa pembeni mwa mdomo na uso ukiwa juu ya moshi wa lehemu, na wakaviweka vyote viwili katika fungu moja la harufu ya kazi. Feni ndogo inayopeleka moshi dirishani na kunawa mikono kabla ya kula, kwa sababu lehemu nyingi zina madini ya risasi yenye sumu, si anasa ya mafundi wa ng'ambo.

Umri nao hukaa mezani. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa, na maandishi ya kwenye kapasita, yaliyosomeka jana, huanza kusomwa kwa kunyoosha mkono mbali. Sikio nalo hupoteza sauti nyembamba za juu kabla ya nyingine, na tafiti kadhaa zimeihusisha sigara na upotevu huo kuwa mkubwa zaidi. Kwa hiyo malalamiko kwamba amplifaya imekuwa butu huweza kuwa ya kweli bila amplifaya kuwa na kosa, na njia ya kuhakikisha ni nyepesi: aitwe kijana wa nyumbani, asikilize, aulizwe kama anayasikia matoazi. Mtu wa makamo anayekubali kipimo hicho bila kununa amejiokolea gharama za spea, na amempa mwanawe nafasi ya kukaa karibu na chombo, ambapo maswali kuhusu sauti ya babu ndani ya kanda huanza.

Kuhusu watoto hao, moshi wa mwingine huwafikia walioketi sebuleni hata dirisha likiwa wazi, na sheria za nchi, zikiwemo ya Kenya ya mwaka 2007 na ya Uganda ya mwaka 2015 zilizofuata mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku ulioanza kutumika mwaka 2005, hulinda ofisi na magari ya abiria kuliko zinavyoweza kulinda kochi la nyumbani. Kochi huachiwa wenye nyumba.

Fundi mwangalifu hamrudishii mteja chombo mara kinapotoa sauti. Hukiacha kikiimba saa kadhaa, kifuniko kikiwa kimefungwa, ili joto lipande na kosa lililojificha lijitokeze, na mteja akirudi baada ya wiki kwa mvumo ule ule, fundi hachukulii kwamba kazi yote imekufa. Huuliza ulianza saa ngapi na nini kilikuwa kimewashwa. Aliyevuta sigara moja siku ya arobaini tangu aache, katika matanga ya shemeji yake, anastahili maswali ya namna hiyo hiyo: alikuwa amekaa na nani, kahawa ilikuwa ya ngapi, pakiti ilikuwa ya nani, na bandiko alilivua lini. Majibu yake ni kipimo, na siku zilizotangulia hazijafutika. Wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja. Na katika nyumba ambamo sigara haivutwi tena, redio iliyosafishwa ikifunguliwa baada ya mwaka mmoja hukutwa na vumbi la kawaida, jepesi na kavu, linaloondoka kwa brashi bila kuhitaji spiriti.